Kuzuru Semarang peke yako: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Tangu nirudi kutoka Java, kisiwa cha Indonesia, maswali ni yale yale. Viza inakuwaje? Chakula cha halali kipo? Siku ngapi zinatosha? Na kwa nini Semarang, si Bali kama watu wengine? Nimechoka kumjibu kila mmoja kivyake, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Historia kidogo tu, kisha tuingie kazini. Semarang ni mji mkuu wa mkoa wa Java ya Kati, upo pwani ya kaskazini ya kisiwa, na una watu zaidi ya milioni 1.6. Jina lenyewe, kwa simulizi ya wenyeji, linatokana na *asem arang*, yaani mikwaju iliyoota mbalimbali. Mwaka 1678 ufalme wa Mataram, uliokuwa umelemewa na madeni, uliukabidhi mji kwa kampuni ya Waholanzi ya VOC. Bandari haikuwa na kina, hivyo meli kubwa zilitia nanga nje na mashua zikapandisha shehena kwa kuufuata mto. Mto huo bado upo, na ndio utakaokuongoza.

Watalii wengi hushuka Kota Lama, mji mkongwe wa Waholanzi, hupiga picha nusu siku na kuondoka. Ukifanya hivyo utakuwa umeona maganda ukaacha kokwa. Kwa mtu wa Bahari ya Hindi, Semarang inaanzia pale Kota Lama inapoishia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi, na tiketi ya kutoka Indonesia. Wahudumu wa ndege huiulizia hata kabla hujapanda.
- Viza. Raia wa nchi nyingi hupata viza ya kufikia, ya siku 30 kwa rupia 500,000, na inaweza kuongezwa mara moja. Orodha hutofautiana pasipoti kwa pasipoti, kwa hiyo usitegemee neno la rafiki mwenye pasipoti ya nchi nyingine. Angalia tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Indonesia yenyewe. Tovuti bandia zinazofanana nayo na kutoza mara mbili ziko tele.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea nchi yenye ugonjwa huo utaulizwa. Hata kama huna hakika, kibebe.
- Fomu ya kidijitali ya All Indonesia, inayojazwa siku chache kabla ya kufika. Haina malipo.
- Adapta ya umeme. Soketi zao ni za matundu 2 ya mviringo. Chaja ya pini 3 nene tuliyoizoea nyumbani haiingii hata uibembeleze.
- Ndara za mpira. Sababu utaiona hatua ya 1.
- Mwavuli mwepesi, kwa jua na kwa mvua pia.
- Kanga au kikoi. Hufaa kwa kujistiri msikitini, kwa kiyoyozi cha treni ambacho ni kama cha kuhifadhia samaki, na kwa kukalia.
- Programu 3 za simu: ramani inayofanya kazi bila intaneti, Gojek au Grab kwa usafiri, na ya tafsiri. Kiingereza utakisikia hotelini. Mtaani si sana.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama mvua na mwezi

Mvua hunyesha karibu Novemba hadi Machi, na Januari na Februari ndiyo kilele. Mei hadi Septemba ni kukavu zaidi. Joto lipo mwaka mzima, la unyevu, kama Dar au Mombasa mwezi wa Machi.

Hilo la mvua kila mtu atakwambia. La mwezi huambiwi. Upande wa kaskazini wa Semarang ardhi inazama, sehemu nyingine kwa sentimita kadhaa kila mwaka, na bahari ikijaa maji huingia mitaani bila hata tone la mvua. Wenyewe huita *rob*. Mei 2022 ukuta wa kuzuia maji ulibomoka eneo la bandari, na wafanyakazi wa viwandani wakatembea kwenye maji ya kifuani.

Sisi tuna neno linalosaidia hapa: bamvua. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndipo maji hujaa zaidi. Ukiweza, panga matembezi ya mitaa ya kaskazini siku za maji mafu, yasiyojaa sana. Mimi sikupanga. Nilifika Kampung Melayu siku ya mbalamwezi na viatu vya ngozi, na viatu hivyo havikurudi nyumbani.

Hatua ya 2: Fika kwa treni

Wengi wetu tutapitia Doha, Dubai au Addis Ababa hadi Jakarta. Ndege za ndani hadi Semarang zipo, lakini ukiwa na nafasi panda treni. Reli ya kwanza ya Indonesia ilianzia Semarang mwaka 1867, na kuingia mji huu kwa reli kuna ladha yake.

a) Kutoka uwanja wa Soekarno-Hatta, basi la Damri hukufikisha stesheni ya Gambir. Foleni za magari za Jakarta hazina adabu, kwa hiyo acha saa 4 kati ya kutua na treni kuondoka.

b) Treni za daraja la juu hutoka Gambir, za bei nafuu nyingi hutoka Pasar Senen. Safari ni saa 5 hadi 6. Soma tiketi yako vizuri, maana stesheni hizi mbili si moja.

c) Semarang nako kuna stesheni 2: Tawang na Poncol. Unayoitaka ni Tawang, kwa sababu ukishuka tu unatembea hadi Kota Lama. Ukiishia Poncol haidhuru, bodaboda hukufikisha kwa dakika chache.

d) Jina kwenye tiketi liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mlangoni hulinganisha.

e) Kadi ya benki ikikataliwa mtandaoni, nenda duka dogo la Indomaret au Alfamart, yamejaa kila kona, ulipie tiketi kwa fedha taslimu.

Keti upande wa kaskazini, yaani kushoto ukitokea Jakarta. Mwendo wa saa moja hivi kabla ya Semarang reli husogea hadi bahari ikawa chini ya dirisha.

Hatua ya 3: Rekebisha saa kichwani mwako

Hii nimeipa hatua yake peke yake kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Java iko saa 4 mbele ya Afrika Mashariki. Hilo jepesi. Gumu ni kwamba Kiindonesia huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama sisi. *Jam tujuh* ni "saa saba" neno kwa neno, lakini maana yake ni saa moja yetu. Utazoea kwa siku moja.

Kisha unakuja mtego wa pili. *Setengah delapan*, "nusu nane", si nane na nusu. Ni nusu *kuelekea* nane, yaani saa moja na nusu asubuhi kwetu. Nilipatana na dereva anipeleke mji wa Demak *setengah delapan*. Nikahesabu saa mbili na nusu. Nikaoga taratibu, nikanywa chai, nikashuka. Mlinzi wa hoteli akaniambia kwa upole kuwa gari lilisubiri dakika 40 likaondoka. Dereva hakuwa na kosa lolote.

Dawa yake: kila miadi iandike kwa tarakimu, 07.30, na mwonyeshe mwenzako karatasi.

Hatua ya 4: Chagua pa kulala

Kuna sehemu 3 za kufikiria. Kota Lama na jirani ya Tawang: unaamka umo ndani ya historia, usiku kimya, maduka machache. Simpang Lima, uwanja mkubwa wa katikati ya mji: hoteli za kila bei, chakula hadi usiku, na ndiko ningemshauri anayekwenda mara ya kwanza. Vilima vya Candi: hewa nzuri na mandhari ya bandari kwa mbali, ila kila ukitaka kitu unashuka mlima.

Usiku 3 unatosha. Mmoja ni kujidhulumu.

Hatua ya 5: Pata fedha, laini ya simu na mdomo

Noti kubwa ni ya rupia 100,000, na dola moja ni zaidi ya rupia 15,000, kwa hiyo utakuwa milionea mara moja. Mashine za ATM huwa na kibandiko kinachosema zinatoa noti za 50,000 au 100,000. Tafuta za 50,000. Muuza chai hana chenji ya laki. Bei huandikwa kwa nukta: 25.000 ni elfu ishirini na tano, si ishirini na tano na pointi. Wakiandika 25rb au 25K ni hiyo hiyo.

Laini nunua kwenye duka rasmi la kampuni ya simu, pasipoti mkononi, na sema ni ya mtalii. Indonesia hufungia mtandao simu za nje ambazo hazijasajiliwa. Laini ya mtalii husajiliwa pamoja na simu yako kwa siku 90. Ya kuokota barabarani inaweza kufanya kazi leo, kesho ikazima.

Mdomo sasa. Utacheka utakapogundua unaelewa mengi: *apa kabar* ni habari gani, *waktu* ni wakati, *kertas* karatasi, *sabun* sabuni, *dunia* dunia. Lakini kuna maneno ya kuchunga. *Duka* kwao ni huzuni ya msiba. Dukani ni *toko*. *Kali* ni mto. *Babi* ni nguruwe, na hilo usilisahau ukiwa na menyu mkononi. Na usimwamkie mzee kwa "babu": kwao ni neno la zamani la dharau kwa mtumishi wa ndani. Mzee au mtu wa heshima mwite *Pak*, mama *Bu*, kijana wa kiume *Mas*, dada *Mbak*. Ukisema *Mas* kwa tabasamu, bei ya bodaboda haitashuka, lakini utaelekezwa njia hadi mlangoni.

Hatua ya 6: Tembea mzunguko wa mto (siku ya kwanza)

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ni kama kilomita 4 au 5 kwa miguu, pamoja na mapumziko. Anza saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijakaa utosini.

1. Anzia mbele ya stesheni ya Tawang, iliyofunguliwa 1914. Mbele yake kuna bwawa kubwa. Si pambo, ni mahali maji ya mafuriko hukusanywa yakapampiwa nje.

2. Ingia Kota Lama hadi Gereja Blenduk. *Blenduk* ni kufura, na ukiona kuba lake utaelewa. Lilijengwa 1753, na sura yake ya sasa ni ya ukarabati wa miaka ya 1890. Bado ni kanisa la kusalia, kwa hiyo Jumapili asubuhi si wakati wa kamera. Kaa kidogo kwenye bustani ya Srigunting pembeni, tazama wazee wakifanya mazoezi. Saa 4 asubuhi itajaa watu wa kupiga picha za harusi.

3. Elekea kusini, ufuate barabara ya Pekojan. Lisome tena jina hilo: Pe-*koja*-n. Ni mahali pa Makoja, wafanyabiashara waliotoka Gujarat, kule kule walikotoka Makoja waliofungua maduka Unguja na Mombasa. Msikiti wao wa Jami Pekojan upo kichochoroni. Kila Ramadhani hupikwa hapo uji wa mchele wa tui la nazi, tangawizi na mdalasini, ukagaiwa kwa futari. Wao huuita *bubur India*.

4. Vuka hadi Gang Lombok, mtaa wa Wachina. Hekalu la Tay Kak Sie ni la karne ya 18. Uvumba wake utauvuta kabla hujaliona. Vaa nguo ya heshima, na usimpige mtu picha akiwa anaomba.

5. Ubavuni mwa hekalu kuna kibanda cha lumpia. Kaa karibu na meza ya mpishi. Ngozi nyembamba kama chapati ya maji, ndani machipukizi ya mianzi, yai, kuku na kamba. Anakunja, anaziba ukingo kwa kidole, anaitumbukiza kwenye mafuta. Chaguo ni mbili: *goreng*, ya kukaangwa, au *basah*, isiyokaangwa. Huja na vitunguu vya majani, pilipili mbichi na mchuzi mzito wa kahawia, mtamu, wenye kitunguu saumu kikali. Mianzi ina harufu kidogo. Mng'ato wa kwanza utasita. Wa pili hutasita. Fika kabla ya adhuhuri.

*Onyo:* sehemu hii ya mji ina nyama ya nguruwe, hasa soko la asubuhi la Gang Baru. Uliza kila unapoketi: *Halal?* Hawakasiriki, wanaulizwa kila siku.

6. Geuka kaskazini-magharibi hadi soko la Johar. Lilichorwa na Thomas Karsten miaka ya 1930, nguzo zake zimefunguka juu kama uyoga, na hewa hupita juu kwa juu bila feni. Liliungua 2015 likajengwa upya. Adhuhuri itakukuta hapo. Msikiti wa Kauman upo karibu, una paa la ngazi kama misikiti ya kale ya Java. Siku moja kabla ya Ramadhani ndipo huishia sherehe ya Dugderan, inayofanywa tangu 1881. *Dug* ni mlio wa ngoma ya msikiti, *der* ni wa mzinga. Watoto hununuliwa sanamu ya Warak, mnyama wa kubuni aliyeketi na yai.

7. Pumzika. Kweli. Kati ya saa 7 na saa 9 mchana usitembee. Tafuta kivuli na glasi ya *es teh*, chai baridi yenye barafu.

8. Alasiri fuata mto hadi daraja la Berok, kisha shika Jalan Layur kuelekea kaskazini. Hapa ni Kampung Melayu, na msikiti wa Layur, wa 1802, ulijengwa na Waarabu wa Hadhramaut. Mnara wake umesimama juu ya lango. Sehemu ya chini ya msikiti imefukiwa kwa sababu ardhi imezama, na sakafu unayosalia leo ilikuwa ya juu.

Nilikaa barazani hapo baada ya Alasiri. Mzee mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Hakuuliza iko wapi. Aliuliza jina la ukoo wangu, kisha akaanza kutaja majina ya masharifu mmoja mmoja, akisubiri nitikise kichwa. Nilitikisa mara 4.

Rudi kabla ya giza, kwa Gojek.

Hatua ya 7: Lawang Sewu na Tugu Muda (jioni ya siku ya pili)

Lawang Sewu, "milango elfu", lilikuwa makao makuu ya kampuni ya reli ya NIS, lilianza kujengwa 1904 likakamilika 1907. Milango haifiki elfu; madirisha marefu ndiyo yaliyoongeza hesabu. Tazama kioo cha rangi juu ya ngazi kuu, kisha omba kuelezwa kuhusu chini ya ardhi: palijengwa kushika maji ili jengo lipoe, na Wajapani wakapageuza jela. Wenyeji watakusimulia mizimu. Wasikilize tu.

Mbele yake, katikati ya mzunguko wa magari, ni mnara wa Tugu Muda, ukumbusho wa mapigano ya siku 5 dhidi ya Wajapani Oktoba 1945. Vuka kwa uangalifu. Pikipiki hazisimami, hukukwepa. Nyanyua mkono, tembea mwendo ule ule, usirudi nyuma.

Ukiwa njiani kutoka Kota Lama kwa Jalan Pemuda utapita Toko Oen, mkahawa wa tangu 1936. Aiskrimu yake ni ya kizamani na bei si ya mtaani. Nenda kwa ajili ya viti.

Hatua ya 8: Sam Poo Kong

Nenda asubuhi kwa bodaboda, upande wa kusini-magharibi. Ni mahekalu mekundu yaliyojengwa kuzunguka pango linalohusishwa na Zheng He, amiri jeshi Muislamu wa China aliyeongoza misafara ya baharini kati ya 1405 na 1433. Simulizi husema mwenzake, Wang Jinghong, aliugua, akaachwa hapa apone, akalowea.

Merikebu hizo hizo zilifika Malindi, na mwaka 1415 Malindi ikapeleka twiga China. Nimeona Wakenya wakipita hapa mbio mbio kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Wachina huja kufukiza ubani, Waislamu wa Kijava nao huja kwa heshima zao. Kuna kiingilio cha uwanjani na kingine cha sehemu ya ibada. Uliza tofauti kabla hujalipa, vinginevyo utabaki nje ukitazama mapaa.

Hatua ya 9: Kula kama mtu mwenye mpango

Lumpia umeshaila. Ongeza hivi:

*Bandeng presto.* Huyu ni mwatiko wetu. Anayemjua mwatiko anajua miiba yake. Hapa hupikwa kwa mvuke wa shinikizo hadi miiba ikalainika, unamla mzima mzima. Maduka yamepangana Jalan Pandanaran.

*Tahu gimbal.* Tofu na maandazi bapa ya kamba, juu yake mchuzi wa karanga.

*Soto.* Supu nyepesi ya kuku asubuhi, bakuli dogo. Mishikaki iliyowekwa mezani si ya bure, wanahesabu vijiti.

*Wingko babat.* Kashata laini ya nazi na unga wa mchele unaonata. Nunua ikiwa bado ya moto.

Na kila utakapokaa utasikia harufu ya karafuu. Hakuna anayepika pilau. Ni *kretek*, sigara za karafuu, zilizoanzia Kudus, mji ulio mashariki ya hapa. Karafuu nyingi za Unguja na Pemba zilinunuliwa kwa ajili ya sigara hizo. Mtu wa Pemba atajikuta anamkumbuka bibi yake akiwa katikati ya moshi wa sigara ya mtu mwingine.

Hatua ya 10: Kama una siku ya ziada

Panda gari hadi Demak, kwenye msikiti mkuu wa karne ya 15, kisha Kudus, ambako mnara wa msikiti wa matofali mekundu unafanana na hekalu la Kihindu. Zote mbili hutosha kwa siku moja. Vaa kwa stara. Na saa ya miadi, kama tulivyosema, kwa tarakimu.

Ukikwama

*Bodaboda ya programu haiji stesheni.* Mara nyingi kuna sehemu maalumu ya kuchukulia abiria. Toka nje ya lango, tembea mita 100, agiza tena.

*Simu imepoteza mtandao ghafla.* Nenda na pasipoti kwenye duka la kampuni iliyokuuzia laini, usajili wa simu ukaguliwe. Kwa sasa tumia intaneti ya hoteli.

*Maji yameingia mtaani na wewe uko ndani.* Panda mahali pa juu, agiza chai, subiri. Maji ya bamvua hushuka yenyewe baada ya saa chache. Usifuate mitaro, haionekani.

*Tumbo limeharibika.* Duka la dawa ni *apotek*. Omba *oralit*, ni chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya chupa. Maji ya bomba usinywe.

*Treni imekuacha.* Tafuta magari madogo wanayoyaita *travel*. Huenda miji yote ya Java na hukuchukua karibu na ulipo. Kwenda Yogyakarta ni bora kuliko treni hata kama hujachelewa.

*Umeibiwa au umepoteza pasipoti.* Polisi ni 110. Chukua hati ya polisi kwanza, kisha wasiliana na ubalozi. Tanzania na Kenya zote zina balozi Jakarta. Weka nakala ya pasipoti kwenye barua pepe yako leo hii.

*Umenunua bandeng nyingi mno.* Omba ile iliyofungwa bila hewa, na uulize masharti ya forodha ya nchi yako kabla ya kuipakia. Mimi sikuuliza mapema, kwa hiyo wawili wa mwisho niliwamalizia Doha, kwenye kiti cha kungojea ndege, kwa vidole.